Nani Kakwambia?

Mwaka 2012 Papa Benedikto wa 16 alifanya mambo mawili ambayo ni nadra kuyasikia yakitajwa pamoja. Tarehe 14 Januari alilimega Jimbo Katoliki la Mahenge akaunda Jimbo la Ifakara, na kumpeleka huko Askofu Salutaris Libena, aliyekuwa askofu msaidizi wa Dar es Salaam. Tarehe 12 Desemba, mbele ya kamera, aligusa kishikwambi na kutuma ujumbe wa kwanza wa akaunti yake ya Twitter. Akaunti hiyo ilikuja kuandika kwa lugha tisa, hata Kilatini. Kiswahili hakikuwamo.

Mkulima wa mpunga wa kando ya mto Lumemo hakuona tofauti yoyote Desemba ile. Ya Januari aliiona. Kabla ya hapo, mwenye shida ya kumfikia askofu alikwenda Kivukoni, akasubiri pantoni, akavuka Mto Kilombero, kisha akapanda milima hadi Mahenge. Masika mto ukijaa, shida yake ilisubiri kiangazi. Sasa askofu alikuwa mjini, mtu unayeweza kumkuta msibani. (Daraja lenyewe, la mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018, baada ya pantoni kupinduka Januari 2016. Mambo ya Bonde la Kilombero huja kwa mpangilio wake yenyewe.)

Sitaki kumcheka papa kwa kishikwambi chake. Kanisa linapaswa kuwa mahali watu walipo, na watu wako kwenye simu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7; mwaka 2024, kwa hesabu za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, laini za simu zilikuwa zimevuka milioni 80, na humo watoto wachanga hawana laini. Mtu anayetaka kuhubiri Injili leo Ifakara, Mang'ula au Mlimba hana tena shida ya kufikisha neno. Shida yake ni kwamba kila mwenye neno ameshafikisha. Nabii wa Dar es Salaam amefika, muuza dawa za nguvu amefika, mgombea amefika, na yule tapeli anayeomba ile hela itumwe kwenye namba hii amefika tangu asubuhi. Swali la sura hii ni Mkristo wa kawaida afanye nini na neno lake katikati ya msongamano huo, na nalichukulia bonde hili kama mahali pa kulipima kwa sababu limeshapitiwa na jumbe nyingi, nyingine kabla ya waya wa kwanza wa simu.

Mwaka 1905 ujumbe wa Kinjekitile Ngwale ulitoka Ngarambe, kule Rufiji, ukasambaa kusini nzima. Wajerumani walimnyonga mapema Agosti, lakini kumnyonga hakukusaidia kitu, maana neno lilikuwa limeshatoka mikononi mwake. Lilibebwa na wajumbe walioitwa hongo, kijiji kwa kijiji, pamoja na dawa ya maji ya kugeuza risasi. Tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga walilivamia boma la Mahenge. Ndani kulikuwa na bunduki za rashasha. Maji hayakugeuza risasi.

Nikiifikiria siku hiyo, mawili hunirudia. La kwanza ni kwamba aliyekwenda vitani hakuwa na nafasi ya kumuuliza Kinjekitile. Alimuuliza hongo, na hongo naye alikuwa ameambiwa. La pili linawauma zaidi Wakristo: Wabenediktini, waliofungua misheni ya Kwiro mwaka 1902, siku hiyo walikuwa ndani ya boma, upande wa rashasha. Yaelekea walihofia maisha yao, na sababu walikuwa nayo. Wiki mbili hivi kabla, Askofu Cassian Spiss alikuwa ameuawa njiani Liwale. Lakini mtu wa nje ya ukuta hakuhitaji mahubiri ili ajue mhubiri amelala wapi usiku ule. Baada ya vita ikaja njaa, na baada ya njaa wale wale mapadre wakaanza upya na watoto wa shule. Kilichosomwa kwanza na wazee wa watoto hao hakikuwa kitabu.

Miaka iliyofuata naipitia haraka, ingawa kila mmoja una kitabu chake. Oktoba 1917 Wabelgiji waliiteka Mahenge, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Wakapuchini wa Uswisi na masista wa Baldegg walifika 1921. Katikati hapo, bondeni kama kwingine kusini, kilichobaki cha kanisa kilikuwa walimu, yaani makatekista waliokwisha kujua sala na hesabu kidogo, ambao waliendelea kuwakusanya watu. Kisha vikaja vyombo. Kengele za misheni. Gazeti la Kiongozi, lililoanzia Tabora mwaka 1950. Redio Sauti ya Injili kutoka Addis Ababa, mwaka 1963, ambayo vipindi vyake vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi, hadi serikali ya Derg ilipokitwaa kituo Machi 1977. Reli ya TAZARA ilileta watu wa kila kabila na kila dhehebu. Dayosisi ya Ulanga-Kilombero ya Kanisa la Kilutheri (KKKT) ina makao yake Ifakara hapo hapo. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilipovunja ukiritimba wa Redio Tanzania, makanisa yalijenga minara yao, Radio Maria ikiwamo mwaka 1996.

Katika vyombo vyote hivyo kuna jambo ambalo nililiona kwa kuchelewa, nilipolikosa. Gazeti lilisomwa na mwalimu kwa sauti, wengine wakisikiliza. Redio ya mtu mmoja ilikuwa redio ya mtaa mzima. Ilipozimwa, waliobaki barazani waligeukiana wakaulizana kasema nini yule, na hivi ni kweli? Ujumbe ulipokufikia ulimkuta na jirani yako. Simu ndiyo ya kwanza kuufikisha kwako peke yako, kitandani, spika za masikioni zikiwa zimechomekwa, saa tano usiku. Wengi wanasema simu imeongeza kasi. Hongo nao walikuwa na kasi. Kipya ni kwamba mtu aweza kuongoka, kutishwa au kuibiwa bila jirani hata mmoja kusikia maneno yaliyotumika.

Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole. Ujumbe uliofowadiwa haujasajiliwa na mtu yeyote. Mtandao wenyewe hukuandikia kwamba umesambazwa mara nyingi, na wengi wetu tunasoma onyo hilo kama sifa.

*

Kalenda ya kanisa na kalenda ya mpunga hazipatani katika Bonde la Kilombero. Kwaresima huangukia wakati familia nyingi zimehama nyumba zao za kijijini na kwenda kuishi shambani, mbali kwenye mbuga, wengine mwendo wa saa kadhaa. Maji ya masika yakipanda huko, njia hukatika. Mpunga ukianza kutoa masuke, hapo ndipo huwezi kuondoka kabisa, kwa sababu kwelea kwelea hawajui Ijumaa Kuu. Mabenchi ya kigangoni hupwaya. Padre mgeni anaweza kudhani imani imepoa, kumbe waumini wake wako juu ya madungu wanawinga ndege.

Nilifuatana na katekista mmoja wa huko, mzee wa miaka sitini na kitu, katika mzunguko wake wa Aprili. Watu walimwita mwalimu, kama wazee wao walivyowaita wale wa 1917. Baiskeli yake ilikuwa na mpira wa ndani wa akiba uliozungushwa chini ya kiti, na kwenye keria daftari la kaunta lililofungwa ndani ya mfuko wa mbolea. Daftari hilo ningelitoa lote hapa kama lingekuwa langu. Kila ukurasa ulikuwa na eneo la shamba, na chini yake majina: nani yuko wapi msimu huu, mtoto gani hajabatizwa, nani anaumwa mgongo, nani na nani hawasalimiani tangu mpaka wa shamba ulipohamishwa. Mstari mmoja ulisema tu: "Ameniomba nisije. Nitapita."

Simu alikuwa nazo mbili, kitochi chake kilichofungwa kwa mpira wa manati na simu janja ya mjukuu. Kila Jumamosi jioni mjukuu humshikia simu, naye husoma Injili ya kesho na kuongeza maneno ya dakika tatu, kisha sauti ile hutumwa kwenye grupu la kigango. Mtandao ukiwa mzito hufika Jumapili mchana. Kwenye kila kundi la madungu huwa kuna kijana mwenye simu janja na sola ndogo ya kuchajia. Huyo hupandisha sauti hadi mwisho, wengine husogea.

"Kwa hiyo mahubiri yanafika bila baiskeli," nilimwambia.

"Yanafika," alisema. "Lakini nikituma nisiende, wiki ya tatu hawaisikilizi. Mimi naituma wajue nakuja."

Tulipofika kwa bibi mmoja aliyekuwa akiwinga ndege na wajukuu wawili, hakuna aliyeacha kazi kwa ajili yetu. Kutoka kwenye dungu zilitoka kamba kama sita kwenda kila upande wa shamba, zimening'inizwa makopo ya maziwa ya unga na vipande vya bati. Ukivuta moja, kundi la ndege upande ule linainuka. Mwalimu alipanda ngazi, akapewa kamba mbili, na mazungumzo yote yaliyofuata yalikatwakatwa na kelele za makopo.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina. Karibu, mwalimu. Hiyo ya kushoto vuta kwa nguvu, imelegea."

Baada ya habari za mgongo, bibi alikuja na lake. Alikuwa amesikia kwamba mashamba ya mwaka huu yamefungwa, na yasipopakwa mafuta ya upako yatatoa mapepe, na mafuta yako Dar es Salaam, na pesa inatumwa kwa simu.

"Nani kakwambia, bibi?"

"Simu ya huyu."

Mjukuu mkubwa alitazama chini.

"Na ndani ya simu ni nani?"

"Mtumishi. Jina silijui. Ana suti."

Nilitegemea mwalimu ataanza kufundisha. Aliomba aoneshwe. Video ilikuwa ya dakika kumi na nane, na aliitazama yote, kamba mkononi, bila kusema kitu. Kisha alimwambia bibi kwamba mwanzoni mtu yule amesema vizuri juu ya kumwomba Mungu kabla ya kulima, na hilo alishike. Na kwamba hiyo ya mafuta atakwenda kuiulizia parokiani, na Alhamisi atapita na jibu. Wakati huo bibi asitume pesa. Bibi alikubali mara moja. Nadhani hakukubali kwa sababu ya hoja. Alikubali kwa sababu ya Alhamisi.

*

Nisije nikaeleweka kwamba dawa ni kumjua tu anayesema. Bonde lenyewe linakataa hilo. Kabla ya simu, kwa miaka mingi watu wa Ulanga na Kilombero walifunga safari kwenda Ihowanja kwa Bibi Kalembwana kunyolewa uchawi, na Wakatoliki walikuwamo ingawa kanisa lilikataza. Mwanaanthropolojia Maia Green, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wapogoro na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 2003, anaeleza kwamba walionyolewa ni wote wawili, anayetuhumu na anayetuhumiwa. Mtu anaweza kulikataa jambo lile kwa imani yake, nami nalikataa, lakini asijifanye haoni kilichowavuta: ugomvi wa majirani ulipelekwa mbele ya watu na kufungwa. Kanisa lililokataza bila kuwa na mahali pa kupeleka ugomvi ule lilikuwa na ujumbe sahihi usio na kiti cha kukalia.

Kisha ikaja Loliondo. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akiwanywesha watu kikombe cha dawa katika kijiji cha Samunge kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita, wagonjwa wakafia njiani, wengine wakaacha dawa za hospitali. Yule mzee, ambaye alifariki Julai 2021, simtaji kwa kumbeza. Bei yake ilibaki 500 hata pale ambapo angeweza kudai chochote. Kilichonishangaza ni jinsi ushuhuda ulivyosafiri. Ulikuja kwa simu, na kila aliyepiga alikuwa anamjua mtu anayemjua aliyepona. Nchi nzima iliambiwa na shemeji wa mtu.

Na Shakahola, kule Kilifi, Kenya, ilionesha mwisho mbaya kuliko yote. Mhubiri Paul Mackenzie hakuwa sauti isiyo na uso. Alikuwa na televisheni, video zake zilitazamwa mtandaoni, na watu waliuza mali zao wakamfuata msituni, kufunga kula hadi kufa. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa huko. Waliomfuata walimjua mhubiri wao vizuri sana. Waliyempoteza ni yule mtu wa pembeni, dada au jirani au mwalimu wa kigango, aliyesikia maneno yale yale na ambaye angeweza kusema: hapana, hapo amekosea. Ndiyo maana naona uzito wa neno la Kikristo mahali kama Ifakara hautokani na ukubwa wa spika wala umahiri wa mhubiri. Unatokana na kuwapo kwa watu walioruhusiwa kumuuliza.

Chombo cha kufanyia hivyo kanisa linacho tayari. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu, chini ya AMECEA, walikubaliana kwamba kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ndiyo kazi ya kwanza ya kichungaji katika Afrika Mashariki, na Tanzania ililishika hilo kweli kweli. Jumamosi alfajiri ukipita mitaa ya Ifakara utakuta viti vya plastiki chini ya mwembe, kaya kadhaa, Biblia moja inayopokezanwa, na mtu anayesema kwamba jana hakuelewa alichohubiri padre. Siku hizi kila jumuiya ina grupu lake la WhatsApp, na hapo ndipo mambo huchanganyika.

Grupu lina mema yake. Kijana aliyekwenda kutafuta maisha Dar es Salaam anajua leo hii kwamba mama mlezi wake amelazwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na mchango wake unafika kabla ya yeye kupanda basi. Wimbo wa kwaya uliorekodiwa kigangoni unafika Mlimba bila mtu kulipa kibandani kuingiziwa kwenye memori kadi. Lakini grupu hilo hilo hujaa salamu za asubuhi zenye maua waridi, tangazo la kiwanja, video ya mwanasiasa, na Amina. Amina ni nyingi mno. Mwalimu wangu wa madungu alisema anapata Amina arobaini kwa kila voisi na hajawahi kupata hata mtu mmoja anayeuliza.

Jambo moja ndani ya magrupu haya linaniudhi kuliko matapeli. Ni orodha ya michango. Kila saa mweka hazina anaibandika upya: jina, kiasi, alama ya vema. Wa kwanza elfu hamsini, wa pili elfu thelathini, na chini kabisa mjane, mia tano, mbele ya watu mia moja na ishirini wakiwamo watoto wake. Injili ya Marko ina habari ya mjane kama huyo, na humo aliyemwona ni mmoja aliyekaa akitazama. Nimesikia mahubiri mazuri juu ya habari hiyo katika parokia ambazo orodha zao ziliendelea kubandikwa Jumatatu. Kama unataka kujua Wakristo wa mahali fulani wanatangaza nini, soma orodha yao kwanza.

Tukumbuke pia nani mwingine anasoma. Ifakara ni mji wa Waislamu na Wakristo waliochanganyika nyumba kwa nyumba, mara nyingi ndani ya ukoo mmoja. Miaka ya themanini na tisini mihadhara ya kulumbana dini ilifanyika viwanjani, na aliyechoka aliondoka. Sasa kipande cha mhadhara kinamkuta mpangaji wako Mwislamu kwenye status yako, anakula daku. Utakutana naye bombani saa moja baadaye. Binafsi naona hiyo ni nidhamu nzuri kwa mhubiri: usitume kwa elfu moja neno ambalo ungeona haya kumsomea jirani huyo mmoja.

Na kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Jumapili iliyofuata ilikuwa Novemba 2, siku ya kuwaombea marehemu wote, na habari za waliokufa wiki ile zilipita mdomo kwa mdomo. Kila parokia iliyokuwa imehamishia matangazo yake yote kwenye grupu ilipata nafasi ya kujua kama bado ina watu wanaozijua nyumba za wenzao.

*

Pale Ifakara mjini, jirani na hospitali ya Mtakatifu Fransisko, kuna watu ambao kanisa lingejifunza kwao na sijui kama limewahi kuwaita. Katika miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy wa Basel aliweka hapo maabara ndogo ya magonjwa ya joto, ambayo leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipotaka kueneza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga, chini ya jina la Zuia Mbu, hawakuanza na mabango. Walianza kwa kuwauliza akina mama. Waligundua kwamba wengi walikubali mbu analeta malaria, ugonjwa wa kawaida tu, lakini mtoto akikamatwa na degedege walihesabu hilo ni jambo lingine kabisa, lisilohusiana na mbu. Bango la kusema "chandarua huzuia malaria" lingekuwa kweli tupu na lisingemgusa mama anayeogopa degedege. Kwa hiyo walipanga ujumbe wao upya kuanzia kwenye hofu yake.

Filipo alifanya vivyo hivyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 8. Alimkuta Mwethiopia kwenye gari lake tayari ana maandishi mkononi, tena mazuri. Filipo alianza na swali kama anaelewa anachosoma, akapanda, wakaketi pamoja. Hata mwandishi wa barua ya tatu ya Yohana, ambaye kazi yake yote kwetu ni wino na karatasi, anamaliza kwa kusema ana mengi ila hapendi kuyaandika. Anatumaini kufika, wazungumze uso kwa uso. Aliituma barua ile wajue anakuja.

Sasa tuseme la pesa. Parokia nyingi zimeunda kamati za mawasiliano, na mijini Misa hurushwa mubashara. Sipingi, mgonjwa wa kitandani na mtoto wa Ifakara aliyeko Muscat au Minnesota wanaihitaji. Lakini nimekaa kwenye kikao kimoja cha parokia, sitaitaja, ambapo kamera na mikisa vilipita kwa makofi, na posho ya makatekista ikaahirishwa hadi mavuno. Walikuwapo vijana wanane wa kamati, fulana zimeandikwa mgongoni. Katekista mdogo kuliko wote ukumbini alikuwa na mvi. Daftari la yule mzee wangu lina msimu mmoja au miwili mingine ya kubebwa kwenye keria, na baada yake hakuna kijana anayeweza hata kuusoma mwandiko wake, achilia mbali kujua kwa nini yule aliyeomba asitembelewe alipaswa kutembelewa.

Nilimwuliza yeye mwenyewe angeomba nini kama mfadhili angetokea. Alitaja tairi la nyuma, na daftari jipya. Bando, alisema, mjukuu hununua. Nikamweleza wazo langu, kwamba wale vijana wa kamati wapelekwe kwake masika moja nzima, wawili wawili, wazunguke naye madungu kabla ya kurudi kwenye kamera zao. Alifikiri kidogo huku akikaza kamba ya mfuko wake wa mbolea.

"Waje," alisema. "Lakini kila mmoja aje na gambuti zake."